VYUO KUSHIRIKIANA KATIKA MASOMO YA MTANDAO: MASHARTI YANAYOPASWA KUFAHAMIKA



Katika miaka ya karibuni masomo ya mtandao yamekuwa yakizungumzwa sana miongoni mwetu. Mtumishi anayetaka kujiendeleza bila ya kuacha kazi, mwalimu wa skuli ya msingi anayetaka kupata shahada, na kijana aliyemaliza kidato cha sita ambaye wazee wake hawana uwezo wa kumlipia dakhalia ng'ambo ya bahari, wote huambiwa kwamba siku hizi elimu humfuata mtu mpaka nyumbani kwake. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Somo linaweza kumfikia mtu nyumbani kwa dakika moja. Cheti cha somo hilo kinaweza kuchukua miaka kabla ya kukubaliwa, au kisikubaliwe kabisa.

Tuchukulie mfano wa mwalimu mmoja wa Micheweni. Amejiandikisha katika chuo cha hapa Zanzibar kwa masomo ya shahada. Chuo chake hakina mtu wa kusomesha takwimu kwa muhula huo, naye amesikia kwamba chuo kingine kinalisomesha somo hilo kwa njia ya mtandao. Analipa ada, anasoma kwa miezi minne, anafanya mtihani na kufaulu. Anapopeleka matokeo yake kwa msajili wa chuo chake anaambiwa kwamba somo hilo halitambuliwi, kwa sababu baina ya vyuo hivyo viwili hakuna makubaliano yoyote. Fedha zake zimekwenda, muda wake umekwenda, na somo la takwimu bado analo deni.

Mwalimu huyo hakufanya kosa, na wala vyuo vile havikumdhulumu kwa makusudi. Kilichokosekana ni sera iliyoandikwa. Makala haya yana lengo la kueleza sera hizo ni zipi, wenzetu wameziweka vipi, na mwananchi aangalie nini kabla hajatoa fedha yake.

NINI MAANA YA VYUO KUGAWANA MASOMO

Vyuo hugawana masomo pale vinapokubaliana kwamba mwanafunzi aliyeandikishwa katika chuo kimoja ataruhusiwa kusoma somo linalosomeshwa na chuo kingine, na somo hilo likahesabiwa katika cheti chake kana kwamba amelisoma chuoni kwake. Kila chuo katika umoja huo hubaki na jina lake, baraza lake na haki yake ya kutoa vyeti. Kinachogawanwa ni masomo tu.

Sababu ya kufanya hivyo ni ya kiuchumi kama ilivyo ya kitaaluma. Chuo kidogo kinaweza kuwa na wanafunzi sita tu wanaohitaji somo la sheria za bahari. Kumwajiri mhadhiri kwa ajili ya watu sita ni gharama isiyobebeka, na kulifuta somo hilo ni kuwachelewesha wanafunzi hao mwaka mzima. Lakini vyuo vitano vyenye wanafunzi sita kila kimoja vina wanafunzi thelathini, na kwa wanafunzi thelathini mhadhiri mmoja hulipika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika mpango kama huu pana pande mbili ambazo ni lazima zitofautishwe. Upo upande wa chuo cha usajili, yaani chuo ambacho mwanafunzi ni wake, ndicho kitakachompa cheti na ndicho kinachoweka kumbukumbu zake zote. Upo pia upande wa chuo kinachosomesha, yaani chuo chenye mhadhiri na somo lenyewe. Vyuo vya kijamii vya jimbo la California nchini Marekani, vilipoanza mpango wao wa pamoja wa masomo ya mtandao kuanzia mwaka 2013 kwa majaribio ya vyuo 24, viliweka tofauti hiyo wazi katika taratibu zao. Takriban kila suala linalozuka baadaye, liwe la ada, la mtihani au la malalamiko, hurudi katika swali hilo moja: hili ni jukumu la chuo cha usajili, au ni la chuo kinachosomesha?

MFANO WA NCHI NDOGO ZA JUMUIYA YA MADOLA

Kwa sisi watu wa visiwani, mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni ule wa nchi ndogo za Jumuiya ya Madola. Nyingi ya nchi hizo ni visiwa: Shelisheli na Mauritius katika Bahari ya Hindi, Samoa na Tonga katika Pasifiki, Barbados na Trinidad katika Karibea. Nyingine ni nchi za bara zenye watu wachache, kama vile Lesotho na Botswana. Zote zina shida moja, nayo ni kwamba idadi ya watu wake haitoshi kuziwezesha kuwa na wataalamu wa kila fani.

Mwaka 2000, mawaziri wa elimu wa Jumuiya ya Madola walipokutana Halifax, Canada, mawaziri wa nchi ndogo walitoa fikra ya kuunganisha nguvu zao kwa njia ya mtandao. Mwaka 2003, katika mkutano wao wa Edinburgh, pendekezo hilo lilikubaliwa, na kazi ya kuliratibu ikakabidhiwa chombo cha Jumuiya ya Madola kinachoshughulikia elimu ya masafa, chenye makao yake Canada. Mpango huo ulipewa jina la Chuo Kikuu cha Mtandao cha Nchi Ndogo za Jumuiya ya Madola.

Inafaa ieleweke kwamba, licha ya jina hilo, hicho si chuo kikuu kwa maana tuliyoizoea. Hakiandikishi wanafunzi wala hakitoi shahada. Ni umoja wa nchi na vyuo vyao. Mwaka 2006 wataalamu kutoka nchi wanachama walikusanyika Mauritius kwa mara ya kwanza, wakakaa pamoja kutunga masomo, na baadaye mikutano kama hiyo ikafanyika katika nchi nyingine. Masomo waliyoyatunga yaliwekwa wazi ili kila chuo kiyachukue, kiyarekebishe kulingana na mazingira yake na kuyasomesha kwa jina lake.

Mara tu masomo yalipokuwa tayari, swali la pili lilijitokeza. Diploma ya utalii iliyotolewa Samoa ina uzito gani Shelisheli? Kila nchi ilikuwa na mfumo wake wa kupanga ngazi za elimu, na baadhi hazikuwa na mfumo kabisa. Kwa msaada wa mamlaka ya Afrika ya Kusini inayosimamia viwango vya sifa za elimu, nchi hizo zilitunga mfumo mmoja wenye ngazi kumi, ambao ulizinduliwa Namibia mwaka 2010. Mfumo huo haukufuta mifumo ya nchi. Kazi yake ni kama ya mkalimani baina ya watu wawili wenye lugha mbalimbali: kila mmoja hubaki na lugha yake, lakini wanaelewana.

Hapa pana funzo la kwanza. Nchi hizo zilianza kuzungumza mwaka 2000, zikaanza kutunga masomo mwaka 2006, na zikapata mfumo wa kutambuana mwaka 2010. Kutunga somo ni kazi ya wiki kadhaa. Kukubaliana juu ya thamani ya somo hilo ni kazi ya miaka, na inafaa ianze mapema.

MFANO WA BARA LETU

Afrika nayo imepita njia hii. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika kikiwa ni mradi unaoendeshwa kutoka Washington. Katika kipindi hicho cha mwanzo, masomo yaliyotayarishwa na vyuo vikuu vya nje yalirushwa kwa satelaiti hadi katika vituo vya vyuo vya Afrika. Mwaka 2002 makao makuu ya chombo hicho yalihamishiwa Nairobi, na mwaka 2003 kikawa chombo cha kiserikali kilichoundwa kwa mkataba wa nchi za Kiafrika.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika mradi wake uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kati ya mwaka 2005 na 2011. Badala ya kupokea masomo kutoka nje, vyuo vikuu 12 vya nchi 10 za Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao, vilitunga masomo vyenyewe kwa ajili ya walimu wa hisabati na sayansi. Kulipatikana vitabu 73 vya masomo, kila kimoja kikiwa katika lugha tatu, yaani Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na kwa hiyo jumla yake ikawa 219. Navyo viliachwa wazi vitumike na yeyote.

Tofauti ya vipindi hivyo viwili ni kubwa. Katika kile cha kwanza vyuo vya Afrika vilikuwa wasikilizaji, na katika kile cha pili vilikuwa watungaji. Umoja wa vyuo ambamo mmoja hutoa siku zote na wengine hupokea siku zote si umoja, bali ni biashara ya muuzaji na wateja. Sera nzuri huweka wazi kwamba kila mwanachama, hata awe mdogo kiasi gani, ana somo la kuleta.

MASHARTI YANAYOPASWA KUANDIKWA

Kutokana na mifano hiyo na mingineyo, tunaweza kuyataja mambo saba ambayo makubaliano ya vyuo hayana budi kuyaeleza.

Kwanza, usajili. Mwanafunzi asilazimike kuomba nafasi upya katika kila chuo anachosoma somo. Aandikishwe mara moja katika chuo chake, na taarifa zake zipelekwe kwa chuo kinachosomesha kwa idhini yake. Aidha, iandikwe wazi nafasi ngapi zimetengwa kwa wanafunzi wa vyuo vingine, maana mwenyeji akiwajaza kwanza wanafunzi wake, wageni watabaki mlangoni kila muhula.

Pili, krediti. Hiki ni kipimo cha ukubwa wa somo, nacho hutofautiana sana. Katika mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani na za kujisomea, na shahada ya miaka mitatu huhitaji krediti zisizopungua 360. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30. Nchini Marekani, shahada ya miaka minne kwa kawaida huwa na krediti 120, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa moja ya darasani na mbili za kujisomea kila wiki kwa muda wa takriban wiki 15. Basi somo la krediti tatu la Marekani lina saa 135, nazo kwa kipimo chetu ni zaidi ya krediti 13. Msajili asiyeijua hesabu hiyo ataiona tarakimu 3 na kumpa mwanafunzi krediti tatu, na hivyo kumnyima zaidi ya robo tatu ya jasho lake. Kwa hivyo makubaliano yasitaje krediti pekee, yataje saa.

Tatu, ada. Ikiwa chuo kimoja kinatoza zaidi ya kingine, mwanafunzi alipe ipi? Umoja wa vyuo vikuu vya nyanda za kati za Marekani unaojulikana kwa jina la Great Plains IDEA uliamua kuwa na bei moja kwa kila krediti, bila ya kujali mwanafunzi ni wa chuo gani au anasomeshwa na chuo gani. Fedha hizo hugawanywa kwa utaratibu uliokubaliwa: sehemu kwa chuo kinachosomesha, sehemu kwa chuo cha usajili kinachomhudumia mwanafunzi, na sehemu kwa uendeshaji wa umoja wenyewe. Ikiwa vyuo vyetu vitashirikiana, hesabu hiyo iwekwe tangu siku ya kwanza na ikaguliwe kila mwaka. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Nne, ubora. Chuo cha usajili ndicho kitakachoweka muhuri wake katika cheti, na kwa hivyo kina haki ya kujua kilichosomeshwa. Vyuo vya California vilitunga kigezo cha pamoja cha kupima namna somo la mtandao linavyopangwa, na masomo hukaguliwa na wahadhiri wenzao waliopewa mafunzo ya kazi hiyo. Kigezo cha namna hii hakimpimi mhadhiri kwa sura wala kwa sifa zake. Hutazama mambo yanayoonekana: je, malengo ya somo yameandikwa? Mwanafunzi anajua afanye nini kila wiki? Mhadhiri hujibu maswali kwa muda gani? Asiyeona vizuri au asiyesikia amefikiriwa?

Tano, haki ya mtungaji. Mhadhiri aliyetumia miezi sita kutunga somo anapaswa kujua ni nani mwenye somo hilo akihama chuo, na ikiwa chuo kingine kinaweza kulisomesha bila ya yeye kuwepo. Masomo ya nchi ndogo za Jumuiya ya Madola na yale ya Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika yalitolewa chini ya leseni huria, ambayo humruhusu mwengine kunakili, kutafsiri na kurekebisha, kwa sharti la kumtaja mtungaji. Chuo kinaweza kuchagua njia hiyo au nyingine, lakini jibu liandikwe kabla ya kazi kuanza. Hali kadhalika, wanafunzi wa chuo kingine anaowasomesha mhadhiri wahesabiwe katika kazi zake, isiwe ni mzigo wa ziada usio na malipo wala shukrani.

Sita, mitihani na malalamiko. Mtihani ufanywe wapi, usimamiwe na nani, na matokeo yapelekwe lini? Mihula ya vyuo haifanani. Kimoja hufunga wakati kingine kinaanza, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kukosa mahafali yake kwa kusubiri alama ya somo moja tu. Vilevile, mwanafunzi asiyeridhika na alama zake aambiwe pa kwenda. Kanuni inayokubalika ni kwamba suala la alama huamuliwa na chuo kinachosomesha, lakini mwanafunzi hulipeleka kupitia chuo chake, ili asiachwe akizunguka baina ya milango miwili na kila mmoja ukimwelekeza kwa mwenziwe.

Saba, uendeshaji. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Umoja unahitaji kamati moja yenye wajumbe wa kila chuo, mratibu mmoja anayejulikana, na kifungu kinachoeleza chuo kikitaka kujitoa kifanye nini. Sharti lililo muhimu kuliko yote katika kifungu hicho ni kwamba wanafunzi waliokwisha kuanza somo wamalizishwe kwanza, ndipo chuo kijitoe.

HALI YA VISIWA VYETU

Kabla ya mwaka 1998 Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja chenye makao yake hapa. Katika mwaka huo Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa Tunguu na chuo cha elimu kikaanzishwa Chukwani, na mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kina vituo Unguja na Pemba, na ndicho kilichowazoesha watu wetu fikra ya kusoma wakiwa mbali na mhadhiri. Kwa hivyo msingi upo. Vyuo vyetu vinajuana, vimekaribiana, na vingi vya wahadhiri wake wamesoma pamoja.

Katika ngazi ya eneo letu nako pana hatua zilizochukuliwa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba nchi wanachama ni eneo moja la elimu ya juu, kwa lengo la kurahisisha kutambuana kwa vyeti na kuhama kwa wanafunzi. Tamko hilo limefungua mlango, lakini kuingia ndani kunahitaji makubaliano ya chuo kwa chuo na somo kwa somo.

Pamoja na hayo, hatuna budi kuyakumbuka yaliyotupata. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa takriban mwezi mzima bila ya umeme kutoka bara, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kilikaa miezi mitatu, kwa hitilafu ya waya uliokuwa ukitegemewa peke yake. Baada ya hapo Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na waya mpya wa Unguja ukafuata mwaka 2013. Mtandao wa intaneti nao unategemea nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, SEACOM na EASSy, zilipata hitilafu kwa pamoja, na watumiaji wa Tanzania na nchi jirani wakahisi athari yake.

Hatuyataji haya kwa kuvunja moyo. Tunayataja kwa sababu sera ya masomo ya mtandao isiyosema lolote juu ya siku ambayo mtandao haupo ni sera ya mahali pengine, si ya hapa. Makubaliano ya vyuo vyetu yanafaa yaseme kwamba somo liweze kuchukuliwa katika kifaa na kusomwa bila ya mtandao. Kwamba video ndefu ziambatane na maandishi yasiyokula kifurushi. Kwamba kazi iliyochelewa kwa kukatika umeme isihesabiwe kuwa ni uzembe wa mwanafunzi. Na kwamba mtihani uwe na siku ya pili iliyopangwa tangu mwanzo. Nyingi ya nchi ndogo tulizozitaja ziko katika visiwa kama vyetu, nazo zilitunga masomo yanayoweza kuchapishwa katika karatasi.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Mwananchi anayetaka kusoma somo la mtandao katika chuo kisichokuwa chake anashauriwa kuuliza maswali yafuatayo, na kutaka majibu yake kwa maandishi:

1. Je, chuo kinachosomesha kina ithibati? Kwa vyuo vikuu vya Jamhuri ya Muungano, ithibati hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Tume hiyo ndiyo pia inayotathmini shahada zilizopatikana nje ya nchi.

2. Je, chuo changu kina makubaliano na chuo hicho, na somo hili limo katika makubaliano hayo? Kuwepo kwa makubaliano ya jumla hakumaanishi kwamba kila somo limekubaliwa.

3. Somo hili litahesabiwa kwa krediti ngapi katika cheti changu, na litachukua nafasi ya somo lipi? Lipo somo linalokubaliwa kuwa la khiyari lakini lisikubaliwe kuchukua nafasi ya somo la lazima.

4. Ada yote ni kiasi gani, inalipwa wapi, na nikijitoa nitarejeshewa nini?

5. Mtihani utafanyika wapi na lini, na matokeo yatafika kwa msajili wangu kabla ya tarehe gani?

6. Nikiwa na malalamiko, nimwone nani?

Kwa watumishi wa Serikali lipo jambo moja la ziada. Mtumishi asianze masomo kwa kutegemea kwamba cheti kitakubaliwa baadaye katika kupandishwa daraja. Amuone kwanza afisa utumishi wa taasisi yake, amweleze chuo na somo, na apate jibu lililoandikwa. Nao maafisa utumishi wanaombwa wasiwape watumishi majibu ya mdomo katika suala hili. Mtu anayeambiwa "hakuna neno, soma tu" na afisa mmoja, akaja kukataliwa na afisa mwengine baada ya miaka miwili, atakuwa amepoteza mengi zaidi ya ada.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, turejee kwa yule mwalimu wa Micheweni. Chini ya makubaliano yaliyoandikwa vyema, angelikwenda kwa msajili wake kabla ya muhula kuanza, akaoneshwa orodha ya masomo yaliyokubaliwa, akalipa ada chuoni kwake, akasoma takwimu kutoka chuo kingine akiwa nyumbani kwake, akafanya mtihani wake Chake Chake, na alama zake zikaingizwa moja kwa moja katika hati yake ya matokeo. Asingelazimika kuvuka bahari, na asingelazimika kumwomba mtu amfanyie hisani.

Hilo halihitaji mitambo mipya wala majengo. Linahitaji wakuu wa vyuo wakae pamoja, wasajili walete vipimo vyao vya krediti, wahasibu walete hesabu zao, wahadhiri waseme wanachokihofia, na yote yatakayokubaliwa yaandikwe katika lugha ambayo mwanafunzi ataielewa bila ya kusomewa na mwanasheria.

Elimu ni bahari, na anayeivuka anastahiki kujua mapema ni bandari gani itakayompokea.